Kwa Nini Hatuuzi Orodha ya Maneno: Msamiati wa Kazi na Mitambo Katika Mtihani wa IELTS

Ombi tunalolipokea mara nyingi zaidi kituoni kwetu hapa Mombasa, hasa kutoka kwa wauguzi wanaojiandaa kwenda Uingereza na vijana wanaotafuta nafasi katika vyuo vikuu vya ng'ambo, ni kupewa orodha ya maneno magumu ya Kiingereza kuhusu kazi na mashine. Ombi hilo lina msingi, kwa kuwa swali la mitambo kuchukua kazi za watu ni la kawaida katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na mtahiniwa anaweza kukutana nalo katika insha, katika kifungu cha kusoma au katika mazungumzo ana kwa ana na mtahini. Hata hivyo, orodha hiyo hatuitoi wala hatuiuzi, na makala haya yanaeleza sababu yake pamoja na kile tunachofundisha badala yake.

Insha kuu ya mtihani huo inapaswa kuwa na maneno yasiyopungua 250, na mtahiniwa hushauriwa kuitengea dakika 40 kati ya 60 za sehemu ya kuandika. Husahihishwa kwa vipengele vinne vyenye uzito sawa: jinsi swali lilivyojibiwa, mtiririko wa hoja, msamiati na sarufi. Msamiati, kwa hiyo, ni robo ya alama, na katika robo hiyo mtahini hahesabu maneno magumu. Huangalia kama neno limekaa mahali pake, kama limeambatana na maneno ambayo Waingereza huliambatanisha nayo, na kama tahajia yake ni sahihi. Neno zito lililowekwa mahali pasipo pake humshusha mtahiniwa, ilhali neno la kawaida lililotumika barabara humwacha salama. Kwa muuguzi ambaye baraza la usajili la Uingereza linamtaka apate 7.0 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, nusu alama iliyopotea kwa namna hiyo ina maana ya kulipa ada ya mtihani mara ya pili.

Mahali tunapoanzia ni bandarini. Wanafunzi wengi hupenda kuandika kuhusu roboti za Japani, ambazo hawajaziona, na matokeo yake ni sentensi za jumla ambazo mtahini amekwisha kuzisoma siku hiyo hiyo katika insha nyingine. Mtu aliyekulia Mombasa, kinyume chake, anajua kazi ya Kilindini kwa hatua zake: zamani makuli walibeba magunia mabegani, na shehena ilihesabiwa na makarani kwa kalamu, kisha likaja kontena, ambalo safari yake maarufu ya kwanza ilifanyika Marekani mwaka 1956, meli Ideal X ilipobeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na leo winchi moja huinua kwa mkupuo mmoja shehena ambayo ingehitaji genge zima la watu. Historia hiyo ndiyo inayotupa tofauti ambazo insha nzuri huzihitaji. Kazi ya mabega ni "manual labour", na bandari inayoitegemea ni "labour-intensive". Winchi ilipoingia, kazi ikawa "mechanised", kwa maana kwamba nguvu ni ya mashine lakini bado kuna mtu anayeiendesha. Daftari la karani lilipohamia kwenye kompyuta, shughuli ikawa "computerised". Neno "automated" linafaa pale tu ambapo mtambo unafanya kazi bila mkono wa mtu kuuongoza kila hatua, kama ilivyo Rotterdam, ambako tangu mwaka 1993 kuna gati ambalo makontena yake husafirishwa na magari yasiyo na dereva. Mwanafunzi anayeandika kwamba winchi yenye dereva ndani ya kibanda chake ni "automation" ametumia neno zuri kusema jambo lisilo kweli, na mtahini makini huliona hilo.

Sehemu ya pili inayowasumbua watu wetu ni kupoteza kazi. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema fulani amefutwa kazi, iwe aliiba au kampuni ilinunua mashine, na msikilizaji huelewa kutokana na kisa chenyewe. Kiingereza cha mtihani hakivumilii hivyo. Aliyekosea huwa "dismissed", au kwa lugha nyepesi "fired". Ambaye nafasi yake imeondolewa huwa "made redundant" au "laid off". Kwa hiyo insha inayodai kwamba roboti zitasababisha maelfu ya watu kuwa "fired" inawatuhumu watu hao makosa ambayo hawakuyatenda. Neno "retrenched", tulilolizoea Kenya tangu serikali ilipopunguza wafanyakazi wake katika miaka ya 1990, si kosa, ila msomaji wa Uingereza hulitarajia zaidi "redundancy", ambalo ndilo pia linalotumika katika Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo hiyo inampa anayeondolewa kwa njia hii malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na malipo hayo huitwa "severance pay". Mwanafunzi akishaujua msamiati huu kupitia sheria inayomhusu yeye mwenyewe, hausahau kwa urahisi, na sisi tunauona kuwa mfano bora kuliko wowote wa kubuni.

Papo hapo hujitokeza "replace" na "displace", ambayo wengi huyachukua kuwa ni kitu kimoja. Mashine "replaces" mtu kwa kuchukua nafasi yake. Mtu aliyesukumwa nje ya kazi hiyo ndiye "displaced", na ndiyo maana husemwa "displaced workers" pale mjadala unapogeukia mafunzo mapya, yaani "retraining". Viambatanishi navyo vina hila zake, kwa kuwa mfanyakazi "is replaced by a machine", huku mwajiri "replaces workers with machines". Aidha, Wakenya wengi huandika "cope up with", jambo ambalo halimo katika Kiingereza sanifu. "Cope with" inatosha.

Kuhusu wingi hatutasema mengi. "Machinery", "equipment", "software" na "research" hayapokei herufi ya wingi mwishoni, na hata "work", kwa maana ya kazi ya kuajiriwa, huwa haihesabiki, ingawa "job" inahesabika. Ofisi nyingi za mjini zina mabango yanayosema "equipments", na bango halisahihishi mtihani.

Katika mazungumzo na mtahini, ambayo huchukua kati ya dakika 11 na 14, tatizo huhama kutoka kwenye maana na kuingia kwenye matamshi, ambayo pia yana robo ya alama za sehemu hiyo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu huipeleka kanuni hiyo katika Kiingereza bila kuombwa. Kwa bahati njema "automation" inaafikiana nayo. "Machinery" haiafikiani, kwa sababu mkazo wake uko kwenye silabi ya pili tangu mwanzo, na "engineer", "employee" na "career" yote hukazwa mwishoni. Neno la mwisho ndilo la hatari, kwani mkazo ukisogezwa mbele mtahini husikia "carrier", na katika mji wa bandari, ambako kampuni ya meli huitwa hivyo hivyo, jibu linaweza kuonekana kuwa na maana kamili isiyokuwa ile aliyoikusudia mzungumzaji.

Tunapenda pia wanafunzi waache kuona aibu kutumia mifano ya nyumbani, mradi waieleze. Fundi wa jua kali anaweza kutajwa katika insha kama mtu wa "informal sector", yaani sekta isiyo rasmi, na inafaa kujua kwamba istilahi hiyo ilienea duniani kwa sehemu kubwa kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya ya mwaka 1972. Swali linapouliza nani ataathiriwa na mitambo, hoja kwamba kazi za aina hiyo hazina mkataba wala malipo ya kuondolewa ni nzito kuliko utabiri wowote kuhusu roboti.

Kwa wanaotaka kujiunga, utaratibu wetu ni kuomba kwanza insha moja uliyoiandika mwenyewe, bila msaada wa mtu wala programu, juu ya swali tutakalokupa. Tunaisoma pamoja nawe, tunatenganisha makosa ya msamiati na ya sarufi, kisha tunakueleza kama unahitaji darasa la jioni la vikundi vidogo au vipindi vya matamshi pekee, ambavyo gharama yake ni ya chini zaidi. Hatuahidi alama yoyote, kwa kuwa anayezitoa si sisi. Iwapo mtihani wako umebakiza chini ya wiki mbili, tutakushauri usijifunze neno jipya hata moja, bali uje tufanye mazoezi ya kuyapanga vizuri yale uliyo nayo ndani ya dakika 40.