Kitabu cha picha kikiisha kusomwa, mpeni mtoto haragwe

Ndugu mhariri, jambo sana kwako na kwa wasomaji wote.

Nimesoma barua ya papa (baba) mmoja kwenye gazeti lenu anasema kumnunulia mtoto wa miaka 4 kitabu cha picha ni kutupa feza, kwa sababu hajui kusoma, atageuza kurasa mara mbili tatu kisha atakipasua. Papa, nimekusikia, hata kwangu kimoja kilipasuka. Lakini niruhusuni niseme yale niliyoona kwa macho yangu hapa Katindo, mjini Goma, na mtoto wangu wa mwisho.

Mwezi wa kwanza 2025 masasi (risasi) yalipofika mjini na shule zikafunga tulikaa ndani siku nyingi, umeme hakuna, maji ni shida, na kitabu nyumbani kilikuwa kimoja tu, kitabu kidogo cha hadithi ya haragwe inayolala chini ya udongo mpaka mvua inakuja kuiamsha. Nilimsomea asubuhi, nikamsomea mchana, siku ya tatu alikuwa anakijua chote kwa kichwa. Siku ya nne akaniuliza, "Mama, haragwe iko nafanya nini mule chini?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nachambua maharagwe ya jioni, nikatoa 4 nikaziloweka usiku kucha.

Asubuhi tukatafuta glasi 4. Ya kwanza tukaijaza papye ya choo iliyolowa, haragwe tukaibana kati ya papye na glasi ili ionekane. Ya pili papye kavu, na haragwe yake tukachukua nyingine ambayo haijalowekwa. Ya tatu udongo. Ya nne ilikuwa wazo la mtoto mwenyewe, alitaka mawe, akaenda uani akaokota changarawe nyeusi za volkano. Wenyeji wa Goma mnaelewa kwanini, lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji na sisi tumejenga juu yake, mtu akitaka kupanda lengalenga (mchicha) nyumbani ananunua udongo kwa mfuko. Mtoto wa huku akisikia "panda mbegu" swali lake la kwanza ni wapi, maana mawe njo (ndiyo) anayaona kila siku.

Siku ya pili ngozi ya haragwe ilijikunja kama vidole vya mtu aliyefua nguo nyingi. Siku ya nne nikasikia kelele toka kule dirishani: "Mama, iko natosha mugulu!" Nikaenda kuangalia, kweli, kitu cheupe kimetoka pembeni kinaelekea chini. Sasa hapo njo nilishangaa, mtoto alikimbia kuchukua kitabu akafungua ile ukurasa ambako mbegu inaamka, akaona mchoraji amechora jani linatoka kwanza, akakasirika kabisa, akasema kitabu kinadanganya, mguu njo unatangulia. Miaka 4 na alikuwa na haki! Sijawahi kuona mtoto anasoma namna ile, anaangalia glasi, anaangalia kitabu, anarudi kwenye glasi.

Tukafanya jambo lingine, glasi ya papye tukaigeuza kichwa chini, papye imebana vizuri haiwezi kuanguka. Baada ya siku mbili mzizi ulikuwa umejipinda wenyewe kurudi chini. Mimi na umri wangu sikuwa nimewahi kuona mzizi ukitafuta njia.

Na ile ya kwenye mawe iliota sawa na ya kwenye udongo. Nilimpasulia haragwe ile moja iliyobaki kati ya zilizolowekwa nikamwonyesha vile vipande viwili vya ndani, nikamwambia hiki ni chakula ambacho haragwe ilifungiwa na mama yake kwa safari, mwanzoni inahitaji maji na hewa na joto tu, chakula inacho. Safari ikiwa ndefu chakula kinaisha, na ndivyo ilivyokuwa, baada ya majuma machache za papye na mawe zilianza kuwa njano, ya udongo ikaendelea kupanda. Ile ya papye kavu haikufanya kitu. Mtoto aliihurumia, akaomba aipe maji, nayo ikaamka, imechelewa lakini imeamka.

Mama mkwe alikasirika, akasema mnachezea chakula na watu wanalala njaa. Ana haki ya kusema, siku zile kila haragwe ilihesabiwa, na kwa hiyo sikutoa zaidi ya zile. Lakini jioni moja alikaa karibu na dirisha akaanza kumweleza mjukuu vile kwao Masisi wanasimika miti ili maharagwe yapande juu, akamwonyesha namna ya kufunga kamba. Toka siku ile yeye njo mwalimu.

Kila siku mtoto alichora alichoona, kwa kipande cha makala (mkaa), juu ya kartoni ya sabuni niliyoikata vipande. Alisema, mimi nikaandika chini yake kwa Kiswahili maneno yake vile vile. Tukashona kwa uzi. Leo anakisomea kila mgeni, hata kama herufi hajazijua bado.

Shule zilipofunguka nilikuta kwenye materneli yake (shule ya watoto wadogo) vitabu vya picha vipo, tena vizuri, lakini vimefungwa ndani ya kabati visipasuke, na watoto wako wanaimba a, e, i, o, u kwa mstari na kukopi kwenye kaye (daftari). Na tunalipa, maana elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya primeri, materneli kila mzazi na mfuko wake. Simlaumu mamwalimu, yuko peke yake na watoto wamejaa darasa. Aliniuliza vifaa atatoa wapi. Nikamwambia wakisoma kitabu cha samaki alete beseni la maji na machungwa mawili, moja limemenywa, lingine na maganda yake, waulizwe kwanza lipi litazama. Wengi watasema la maganda kwa sababu ni zito. Kumbe hilo njo linaelea, ganda lina hewa ndani, na lililomenywa linazama. Alifanya, akaniambia watoto hawakutaka kwenda nyumbani.

Wazazi mkijaribu, angalieni: mtoto mdogo anaweza kuingiza haragwe puani au sikioni, basi kaa naye. Mbegu za duka la kilimo zenye rangi nyekundu au pinki zimepakwa dawa, asizishike, chukueni zile za kula. Na beseni la maji msiliache na mtoto peke yake hata dakika moja.

Ndugu mhariri, ombi langu ni hili. Nyumba nyingi hapa hazina kitabu hata kimoja, lakini gazeti linafika, mtu akisoma anampatia jirani. Wekeni kila juma picha moja kubwa ya hadithi ya watoto na mistari michache ya Kiswahili, na chini yake jambo moja la kufanya kwa mikono na vitu vya jikoni. Niko tayari kusaidia kuandika, bila kulipwa.

Na wewe papa, kile kilichopasuka usikitupe. Chetu tulikibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, mtoto mwenyewe njo alipaka kwa kidole. Ukurasa mmoja ulikauka umekunjamana kidogo, ni ule ule wa jani, lakini unafunguka.

Mama wa watoto 3,
Katindo, Goma