Nafasi ya mizigo si maegesho

Ndugu Mhariri,

Pale sokoni Darajani, sehemu ya kushushia mizigo kila asubuhi imejaa gari za watu binafsi, wenyewe wamekwenda zao kazini. Gari ya ndizi na muhogo ikifika, isimame wapi? Katikati ya barabara. Juzi nilimwona mchukuzi, mtu mzima, akivuka na gunia la mbatata mabegani huku akipigiwa honi pande zote. Iliniuma sana. Soko hili lipo tangu 1904, na vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi lori. Nafasi hiyo ndogo ndiyo mlango wa chakula chetu. Anayeshusha ashushe, aondoke. Nawaomba wahusika wachore mistari upya, waandike saa zake, na wasimamie.

Mkaazi wa Mchangani,
Unguja