Kwa Salim, kuhusu shokabu za ile 260Z

Mombasa

Ndugu yangu Salim,

Asalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta salama wewe na wote nyumbani, na kwamba mguu wa Bi Zuhura umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na najua utasema kwamba nimekukumbuka kwa kuwa nina shida. Ni kweli nina shida, basi naomba unisikilize kwanza, kisha unisute upendavyo.

Mzee Kassim ameniambia kwamba shamba lenye mabaki ya ile Datsun 260Z limeuzwa, na kwamba mwenyewe mpya anataka kuwaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Ikiwa habari hizo ni za kweli, nakusihi uwawahi. Sihitaji bodi, ambayo kutu imekwisha kuila, wala sihitaji injini, ambayo sote tunajua ilikoishia. Nahitaji shokabu mbili za mbele, kila moja ikiwa nzima pamoja na ekseli yake fupi ya gurudumu.

Nikueleze sababu. Kama unavyojua, katika magari haya, ile 260Z na hii 240Z yangu, shokabu ya mbele si kitu cha kuchomoa na kutupa. Bomba la shokabu, kikalio cha springi na ile ekseli fupi inayobeba beringi vimeunganishwa kiwandani vikawa kitu kimoja. Fundi wangu Juma anataka kunitengenezea springi zinazoweza kupandishwa na kushushwa, na ili kufanya hivyo inambidi akate kikalio cha zamani, achomelee pete mpya kwenye bomba, na juu yake avishe bomba fupi lenye hesi. Anataka pia kulifupisha bomba lenyewe, kwa sababu gari likishushwa huku shokabu ikiwa ya urefu uleule, shokabu hiyo hukosa nafasi ya kucheza na kila tuta hugonga mpaka mwisho. Juma si mjinga, na kazi yake ya kuchomelea nimeiona. Hoja zake zote ni sahihi. Ila anataka kukata bomba za gari langu mwenyewe, ambazo zimo humo tangu lilipotoka Japani, na bomba likishakatwa halirudi. Nimemwambia kwamba nitakubali kazi yote hiyo ifanyike, lakini kwenye shokabu za gari jingine, na zangu zifungwe kwa kitambaa chenye mafuta na kuwekwa stoo.

Anasema namcheleweshea kazi kwa sababu ya mapenzi. Labda. Lakini 240Z kama yangu ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews, mwaka ule ambao Mehta alilingana alama na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS hata ikabidi watenganishwe kwa kanuni. (Mzee Kassim mpaka leo anabisha kuhusu kanuni hiyo, na tafadhali usimwanzishe.) Sioni kwa nini kitu kilichostahimili njia zile kikatwe kwa msumeno wakati kipo kingine kinachoozea shambani Tanga.

Habari njema ni kwamba kazi ya breki imekwisha. Nimepata kalipa, yaani vibanio vya diski, za Toyota Hilux ya magurudumu manne ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zile zilizoandikwa S12+8 kwenye chuma chake, zenye pistoni nne badala ya mbili za Datsun. Zimekaa kwenye matundu yaleyale ya bolti, na kilichokatwa ni bati la kukinga vumbi peke yake, ambalo silihesabu. Muuzaji alitaka kunipa zenye alama ya S12W, nikakataa, maana hizo ni pana na zinataka diski nene yenye matundu ya hewa. Kwa kuwa pistoni zimeongezeka, pedali ilikuwa inazama, hivyo tumeondoa masta silinda ya inchi 7/8 na kuweka ya inchi 15/16 iliyotoka kwenye 280ZX. Sasa inashika vizuri.

Bushi nazo nimebadilisha, isipokuwa kwenye ile rodi inayozuia mkono wa chini usiende mbele na nyuma. Hapo Juma alitaka bushi ngumu za plastiki pande zote mbili, nami nikasisitiza kwamba upande mmoja ubaki mpira. Rodi ile inahitaji kuyumba kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ukiibana pande zote inakunjwa palepale mpaka inakatika, na ikikatika wakati umekanyaga breki, sitaki hata kufikiria.

Nirudi kwenye shokabu. Nitashusha gari inchi moja tu, si zaidi, kwa sababu matuta ya Mombasa unayajua. Hata hivyo nitaweka vipande vya kuinua kati ya bomba na mkono wa usukani, ili mkono wa chini na rodi ya usukani virudi kwenye mwinamo wake. Bila hivyo magurudumu hujigeuza yenyewe kila gari linapopita shimo, na dereva hudhani usukani umelegea.

Utakapofika pale, juu kuna nati tatu zinazozunguka na moja katikati. Fungua zile tatu, na usiiguse ya katikati hata kidogo, kwani ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa isikurukie usoni. Chini fungua bolti mbili zinazoshika mkono wa usukani, kisha katisha mpira wa breki. Tazama pia ile nati kubwa iliyo juu ya bomba. Mafundi wengi huifungua kwa patasi na nyundo, na hesi ikishaharibika bomba halifai tena.

Je, shamba limeuzwa kweli, au ni maneno ya Mzee Kassim? Huyo mwenyewe mpya unamfahamu, na anazungumzika? Ekseli zimepinda, au bado zimenyooka? Unadhani atataka kiasi gani, na nikutumie fedha sasa au usubiri mpaka uzione? Je, yule kijana wako wa basi bado anapita mpakani Horohoro, na atakubali kubeba mzigo wenye grisi? Na forodha watauliza nini juu ya vyuma viwili vya zamani?

Nijibu mapema, hata kwa mistari miwili, maana Juma ameshanoa msumeno.

Nduguyo,
Athumani