Teknolojia ya wengi nayo ijue kutunza siri ya pori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Saa hizi kila mahali watu wanasifia teknolojia isiyo na bosi mmoja, yaani ile ambayo badala ya kampuni moja kushika kila kitu, watu wenyewe wanagawana seva (kompyuta zinazotunza data), nakala na maamuzi, na mimi ni mmoja wa wanaoipenda kweli. Alafu napenda pori. Napenda ndege hasa, na sehemu ambazo mtu hajaweka mkono wake. Wengi tunaopenda hivi vitu viwili tunavitaja kwa pumzi moja kana kwamba vinaelewana vyenyewe tu, na hapo ndo naona tunakosea, maana havielewani mpaka mtu akae chini avipatanishe, na hiyo kazi bado haijafanyika vya kutosha.

Nianze na uzuri wake. Rekodi ya ndege unayoandika leo, tarehe, mahali, wangapi, leo haina maana kubwa. Maana yake inakuja baada ya miaka 30, pale mtu atakapolinganisha aone kwamba ndege wa kuhama wanafika mapema kuliko zamani, au hawafiki tena. Sasa niambie, ni kampuni gani ya mtandao unaiamini kwa miaka 30? GeoCities ilifungwa 2009 na kurasa za watu zikaenda nayo, Google+ ikafungwa 2019, na siku ya kufungwa anayeamua sio wewe uliyelala kwenye umande kusubiri ndege. Ndo maana mi nafurahi nikiona mitandao ya kijamii kama Mastodon, iliyoanza 2016, ambayo kila kikundi kinaweza kuendesha seva yake na bado zikaongea zenyewe kwa zenyewe kama imeili zinavyoongea, kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayoitwa ActivityPub ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliipitisha 2018. Seva moja ikifa, nyingine zinaendelea. Kuna hata vifaa vya hivyo, mfano AudioMoth, kinasa sauti kidogo unachokiacha msituni na betri zake tatu za kawaida kinarekodi popo na ndege kwenye memori kadi, na michoro yake iko wazi, yeyote anaweza kuisoma na kutengeneza cha kwake. Hiyo ni teknolojia yenye adabu, haimwombi mtu akaunti wala namba ya simu.

Lakini pori lina siri, na siri zake zinauzwa.

Mwaka 1994 wanasayansi walitangaza aina mpya ya kobe wa maji baridi mwenye shingo ndefu, kutoka kisiwa cha Rote huko Indonesia. Walifanya kazi yao vizuri, wakaandika jina, maumbo na anapopatikana, wafanyabiashara wa wanyama wakasoma na wao, na leo yule kobe porini karibu hayupo tena. Mwaka 1999 ikawa zamu ya mjusi mmoja wa mapangoni kusini mwa China, akatangazwa, bei ikapanda, wawindaji wakaenda moja kwa moja pale palipoandikwa wakammaliza eneo hilo lote. Baada ya hapo watafiti kadhaa wa mijusi wakaacha kabisa kuandika mahali halisi. Na hiyo ilikuwa majarida ya kisayansi, kitu kinachosomwa na watu wachache!

Sasa chukua simu yako. Kama umeruhusu kamera itumie lokesheni, kila picha unayopiga ndani ya faili lake kuna latitudo na longitudo, na zikiwa na desimali tano tu zinampeleka mtu mpaka hatua moja kutoka uliposimama. Umepiga picha kiota cha tai, umemtumia rafiki faili zima, rafiki kalituma kwenye kundi, na kundi lina watu usiowajua. Na sio lazima awe jangili. Wanaweza kuwa watu wema tu, wapenzi wa ndege kama mimi, lakini wakija kumi kumi kila asubuhi, mmoja anakata majani apate picha safi, mwingine anacheza sauti ya ndege kwenye simu ili amvute, yule mama anaruka kutoka kwenye mayai, anakaa mbali anawaangalia, mayai yanapoa au kunguru anawahi. Kiota kimekufa kwa mapenzi ya watu.

Mitandao yenye kitovu kimoja hili wamelijibu kwa kiasi, tuwe wakweli. iNaturalist, mtandao wa watu kurekodi mimea na wanyama wanaowaona, ulioanza 2008, ukiweka kiumbe aliye hatarini kutoweka inaficha mahali halisi yenyewe bila kukuuliza, inaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya kiboksi ambacho karibu na ikweta kila upande ni kama kilomita 22. Nawapongeza kwa hilo. Tatizo ni kwamba siri zote ziko nyuma ya mlango mmoja. Mwaka 2013 huko India kuna mtu alijaribu kuingia kwenye imeili ya mtaalamu aliyekuwa anapokea data za kola ya kumfuatilia chui milia alipo, jaribio likazuiwa, lakini hebu fikiria, usalama wa mnyama mkubwa kiasi kile ulikuwa umesimama juu ya paswedi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mtu atasema basi tugawanye, tuweke kila mahali. Hapana, na hapa ndo naomba wenzangu wa teknolojia wanisikilize vizuri. Kwenye Mastodon ukifuta posti, seva yako inazitumia seva nyingine ujumbe wa kuziomba na zenyewe zifute, na nyingi zinafuta, lakini ni ombi, hakuna wa kuzilazimisha. Kuna mtandao mwingine unaitwa Scuttlebutt, aliyeuanzisha ni Dominic Tarr aliyekuwa anaishi kwenye boti New Zealand, na kwa kweli ni kitu kizuri, vifaa viwili vikikutana kwenye Wi-Fi vinapeana habari hata kama hakuna intaneti kabisa, mtu wa porini anataka nini tena? Ila kila mtu ana daftari lake ambalo unaongeza tu, hufuti, na marafiki zako wana nakala. Blokucheni, yaani daftari la pamoja la kidijitali ambalo kompyuta nyingi zinatunza nakala yake, ndo zaidi, sifa yake kuu ni kwamba kilichoandikwa hakitoki. Kwa habari za rushwa au mikataba hiyo ni nguvu. Kwa kiota cha ndege waliobaki wachache, ni kibali cha kifo ambacho hata aliyekiandika hawezi kukirudisha.

Mi naona dawa ipo na iko ndani ya wazo lenyewe la kugawana, ila wanaojenga hawalitumii mpaka mwisho. Siri ibaki kwa aliyeona. Simu ipunguze desimali za lokesheni kabla picha haijatoka kwenye simu, sio seva ifiche baadaye, na iwe hivyo tangu mtu anapoisanikisha programu, bila kumtegemea akumbuke kwenda kutafuta kwenye mipangilio. Namba kamili ikae kwenye kifaa chako, imefungwa, na akija mtafiti au askari wa wanyamapori anaihitaji, wewe ndo unamfungulia, yeye peke yake. Mtandao unapata kile unachohitaji, kwamba ndege huyu kaonekana ukanda huu mwezi huu, na jangili akivunja mlango mmoja anakuta kiota kimoja, hakuti ramani nzima. Na watu wanaoishi jirani na hilo pori wawe na sauti kuhusu kipi kitoke na kipi kisitoke, maana wao ndo walinzi wa kwanza.

Kingine kidogo tu, umeme na taka. Huwezi kuniambia unapenda mazingira alafu mfumo wako unachoma umeme kwa kubahatisha namba mchana na usiku kama sarafu ya kidijitali ya Bitcoin inavyofanya, wakati Ethereum, blokucheni nyingine, walibadilisha njia Septemba 2022 na matumizi yao ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Na programu zetu ziendeshwe kwenye simu za zamani, jamani. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazifiki hata robo.

Ndugu Mhariri, ombi langu la mwisho ni kwenu. Mkichapisha picha za wanyamapori kutoka kwa wasomaji msiandike kiota au shimo liko wapi, jina la mkoa linatosha, na kwenye toleo la mtandaoni hakikisheni namba za mahali zimefutwa ndani ya faili kabla halijapanda. Na msomaji akiwatumia picha ya ndege anayeatamia, ishikilieni mpaka makinda yaruke ndo muitoe.

Wako,
Msomaji, mpenda ndege