Makabidhiano ya zamu yana mwenyewe: barua ya wazi kwa viongozi vijana wa madaktari wa wodini, Dar es Salaam

Wanangu,

Nawasalimu kwa heshima ya kazi yenu. Najua mnavyochoka, na ninawapenda. Lakini leo ninaandika nikiwa na hasira.

Hivi karibuni jirani yangu, mama mwenye kisukari na figo zilizochoka, alilazwa Ijumaa jioni katika hospitali moja ya jiji hili. Alitolewa damu. Potasiamu ikatoka juu sana, kiwango kinachoweza kusimamisha moyo, na majibu yakaingia kwenye mfumo usiku uleule. Daktari aliyeagiza kipimo alikuwa ameshaondoka, na aliyempokea hakuambiwa kwamba kuna majibu yanasubiriwa. Jumamosi akaja mwingine. Jumapili asubuhi nilipokwenda kumjulia hali ndipo nikauliza, faili likafunguliwa, watu wakaanza kukimbia. Alisafishwa damu na yuko hai, Mungu ni mwema.

Kilichoniuma zaidi kilifuata. Mkuu wa timu aliandika kwenye kundi la WhatsApp: "Nani alikuwa zamu?" Kisha akamtaja daktari tarajali kwa jina mbele ya wote. Hakuna aliyejibu, na shauri likafia hapo. Wiki iliyofuata zamu zikakabidhiwa vilevile.

Mkuu wa timu, kosa lile lilikuwa lako. Katika timu yako makabidhiano hayana mwenyewe. Yanafanyika koridoni, mtu ana funguo za gari mkononi anawahi kliniki ya jioni kabla foleni ya Mandela haijafunga: "Wodi shwari, kitanda cha nane mwangalie." Amwangalie nini? Akiharibika saa nane usiku afanye nini, ampigie nani? Muombe radhi kijana huyo, tena palepale kwenye kundi ulikomwaibisha.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada. Madaktari walifundishwa kukabidhi kwa mpangilio mmoja: mgonjwa ana hali gani, muhtasari wa ugonjwa wake, kazi zilizobaki, nini kinaweza kuharibika na tufanyeje, kisha anayepokea anarudia alichosikia. Makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23, na muda wa kukabidhi haukuongezeka kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo msiniambie hamna muda. Wala msiniambie hayo ni ya Wazungu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya Ifakara, hapahapa kwetu. Matokeo yalitoka mwaka 2009: kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Karatasi peke yake haitoshi. Simama mwenyewe pale saa moja na nusu asubuhi, na jioni rudi. Sikiliza. Mtu akisema "shwari", muulize shwari maana yake nini. Muuguzi wa zamu awepo, maana yeye ndiye aliyekesha na mgonjwa. Ukifanya hivyo kwa miezi miwili, vijana watakabidhi vizuri hata usipokuwepo. Ukiwa bosi wa kwenye simu, watajifunza kujificha.

Mengine nayataja tu. Rosta itoke mapema, na sikukuu zigawanywe kwa haki: Idi na Krismasi zisimwangukie mtu yuleyule kila mwaka. Wewe mwenyewe ukae zamu za usiku. Kikao cha kujadili vifo vya wodini kitafute njia iliyokatika, kisitafute wa kumtia kitanzi. Ruhusa za kutoka ziandikwe asubuhi, vitanda vipatikane mchana.

Na lawama si zenu peke yenu. Tuna madaktari waliohitimu wako mtaani wanasubiri ajira, huku usiku daktari mmoja anashika wodi mbili. Sisi ndugu wa wagonjwa nasi tunamfokea kijana aliye mbele yetu, hatuulizi nani alimwacha peke yake. Inatia uchungu kwamba taifa linalipa miaka mingi ya kumsomesha mtu, kisha linashindwa kumpa mwenzake wa kumpokea zamu.

Sasa nawageukia waganga wafawidhi, wakuu wa hospitali zetu. Mnamchukua bingwa hodari wa moyo au figo, mnampa barua ya kuongoza wenzake ishirini, lakini raundi zake zinabaki zilezile na kliniki zake zilezile. Rosta anaipanga usiku wa manane akiwa kitandani. Mpunguzieni wagonjwa. Mpeni walau nusu siku kila wiki ya kazi ya uongozi, na mtu mzoefu wa kumwelekeza mwaka wa kwanza, maana vyuoni tunafundisha magonjwa, kuongoza watu hatufundishi. Na posho za zamu za vijana wake zilipwe kwa wakati, asiwe yeye wa kuomba radhi kila mwisho wa mwezi kwa deni ambalo si lake.

Mzee wenu,
daktari mstaafu, Upanga