Sweta lisiwe na nembo

Hamburg, mwishoni mwa Novemba

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Mama shikamoo. Najua unasomewa hii ukiwa umekaa karibu na jiko, na najua utamkatiza msomaji kila mstari. Sisi huku tu wazima. Baridi imeshika, jua linazama saa kumi jioni, wajukuu wako wanakula vizuri na wanakataa kuvaa kofia.

Sasa, mdogo wangu, nije kwenye ule ujumbe wako wa sauti. Nilivyoelewa ni kwamba kamati yenu ya shule huko nyumbani Tanzania inataka kubadili sare kuanzia Januari: shati la drafti badala ya jeupe, sketi na kaptula za rangi ya damu ya mzee badala ya bluu, na sweta lenye nembo ya shule, vyote vinunuliwe kwa msambazaji mmoja. Ukasema mjumbe mwingine alisimama akataka sare zifutwe kabisa, mbona Ulaya watoto wanaenda shule na nguo zao na wanasoma. Ndipo ukanitaka mimi niliyeko huku nitoe neno.

Huyo mjumbe ana nusu ya ukweli. Ulaya si moja. Uingereza sare ni jambo la kawaida, na walitunga sheria mwaka 2021 ili shule zifuate mwongozo wa serikali wa kupunguza gharama, ukiwemo agizo kwamba vitu vyenye nembo viwe vichache iwezekanavyo. Ufaransa walianza kujaribu sare mwaka 2024 katika baadhi ya shule: fulana, sweta na suruali za kama euro 200 kwa kila mtoto, nusu ililipa serikali kuu na nusu halmashauri, mzazi hakutoa kitu. Hilo la mwisho uende nalo kikaoni. Wasio na sare ni hawa wenyeji wangu Wajerumani. Wazee wao ukiwatajia sare wanakunja uso. Wanakumbuka vijana wa Hitler na mashati yao ya kahawia, na waliokulia iliyokuwa Ujerumani Mashariki wanakumbuka chipukizi wa chama cha kikomunisti na skafu zao za bluu. Kwao mtoto akivalishwa sawa na wenzake, wanasikia gwaride. Siwalaumu.

Ila asikudanganye mtu kwamba watoto wa huku wamepumzika. Anayeanza darasa la kwanza hununuliwa mkoba mgumu wa mgongoni wenye picha za farasi au roketi, na wa jina kubwa unafika euro 200 na kupita. Familia zinazoishi kwa msaada wa serikali zilipewa euro 195 mwaka 2024 kwa vifaa vya shule vya mtoto mmoja, mwaka mzima, madaftari na kalamu za rangi humo humo. Piga hesabu mwenyewe. Mtoto wa mama anayefanya usafi hotelini anajulikana siku ya kwanza kabla hajafungua mdomo. Mwanangu wa darasa la nne anajua bei ya raba za wenzake wote, na kila asubuhi tunagombana mbele ya kabati kwa sababu fulana aliyoivaa Jumanne haivaliki Alhamisi. Kuna asubuhi naitamani sketi yangu ya bluu na shati jeupe, yaishe. Wala si mimi peke yangu. Shule moja ya Sinstorf, kusini mwa jiji hili, ilianza nguo za pamoja mwaka 2000, ikawa habari ya magazeti nchi nzima.

Kwa hiyo mama, ukisema sare inaficha umaskini, nakubali kwa mgeni anayepita barabarani. Darasani haifichi. Ulikuwa unamwambia fundi aache upindo mrefu kwenye sketi yangu, tukaufumua kila nilipoongezeka kimo, na kila ulipofumuliwa ulibaki mstari wa bluu iliyokolea chini ya bluu iliyofubaa. Wenzangu walikuwa wanaihesabu ile mistari kujua sketi ina umri gani. Na shati lilikuwa moja. Linafuliwa jioni, linatiwa bluu ya kufulia, linaanikwa juu ya jiko, na Lushoto ya mwezi wa saba na ukungu wake unaijua: asubuhi nalivaa likiwa bichi kwenye kola na linanuka moshi wa kuni za miwati. Mtoto wa mwalimu alikuwa na matatu. Sote tulivaa nyeupe na bluu na sote tulijuana vizuri tu.

Lakini sketi ile ilinifikisha darasa la saba, halafu ikashuka kwa mdogo wetu wa kike. Iliwezekana kwa sababu fundi yeyote mwenye cherehani pale sokoni aliweza kuishona, tetroni ya bluu iliuzwa kila duka la vitambaa, na sweta tulilichagua kwenye mtumba siku ya gulio. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, mdogo wangu. Katika mitaa ya huku kuna masanduku ya chuma watu wanatumbukiza nguo walizozichoka. Nyingine zinapakiwa marobota na kuuzwa Afrika, mpaka zinafika kwenye turubai la huyo mama muuza mtumba unayemjua wewe. Sweta likiwa la bluu tupu, mzazi analipata kwake kwa bei ya kupatana. Likiwekewa nembo, mlango huo umefungwa. Linabaki kwa mtu mmoja, kwa bei anayoitaka yeye, na likichanika Mei mzazi anarudi kwake tena. Na huyo msambazaji, samahani, ni shemeji wa nani? Usinijibu kwa ujumbe wa sauti.

Ada na michango ya lazima ya shule za serikali kwetu iliondolewa Januari 2016, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na sote tulishangilia. Sare ilibaki juu ya mzazi. Kwa mwenye watoto wanne, sare ndiyo ada iliyobaki, na nyinyi wajumbe ndio mnaoipanga. Huko magharibi mwa Kenya watafiti walifanya jambo ninalolipenda: kuanzia mwaka 2003 waliwapa watoto wa madarasa ya juu ya msingi sare za bure katika baadhi ya shule, wakalinganisha na shule ambazo hazikupewa. Baada ya miaka mitatu, wasichana waliopata mimba walikuwa asilimia 13 badala ya 16, na walioacha shule walipungua pia. Hawakuongezewa mwalimu wala dawati. Walipewa nguo tu. Msomee mwenyekiti wako hiyo, kwa sababu atakuambia shati la drafti ni jambo dogo.

Kuna hili pia la kurudisha watoto nyumbani. Kila Januari viongozi wanatangaza redioni kwamba mtoto asizuiwe kuanza masomo kwa kukosa sare, na kila Januari kuna mtoto anayekutana na mwalimu wa zamu getini. Binti yako alirudishwa kwa sababu ya soksi. Soksi! Alitembea kilima chote kile kwenda na kurudi, akakosa mtihani wa hesabu, na wewe ukanyamaza kwa sababu ulikuwa hujaingia kwenye kamati. Sasa umo.

Mimi ningekuwa kwenye hicho kikao ningetetea sare, usije ukasema dada amekuwa Mzungu. Ningesema bluu na nyeupe zibaki, maana zimo tayari kwenye masanduku ya nyumba nyingi na zinarithika. Kama lazima wapate nembo yao, iwe kitambaa kidogo cha kushonea mfukoni, shule iuze kwa bei ya kutengenezea, na mtoto akihitimu anakibandua. Drafti siitaki, kwa sababu drafti ya mwaka huu haifanani na ya mwaka ujao na fundi hataipata. Na iandikwe kwenye muhtasari, kwa maneno, kwamba mtoto asiye na sare anaingia darasani na mzazi ndiye anayeitwa. Muhtasari ukishasainiwa upige picha unitumie.

Mama, najua wewe ungependa hiyo damu ya mzee, inapendeza na haionyeshi vumbi jekundu la kwetu. Ni kweli inapendeza. Kitenge cha rangi hiyo nitakuletea mimi.

Pesa ya sare za watoto nitatuma mwisho wa mwezi kwenye simu ya mama, siyo yako, sababu unaijua. Nipimieni mabega ya yule mwanao mdogo na urefu wa mkono, nina masweta mawili ya bluu ya mwanangu yaliyombana, ila siyafungi mpaka nijue kikao kimeamua rangi gani. Nipigie ukitoka huko hata kama ni usiku, sisi tuko nyuma yenu saa mbili.

Nisalimie wifi na majirani wote.

Dada yako