Kabla hujaanza mionzi

Kirumba, Mwanza

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa Nansio. Kwa kuwa umeniarifu kwamba unaanza mionzi mwezi ujao, nakuandikia jambo ambalo mimi sikuelezwa na mtu nilipotibiwa saratani ya mlango wa kizazi.

Mionzi yangu ya nje, ile inayopigwa na mashine kutoka nje ya mwili, ilikuwa siku 5 kwa juma, kwa majuma 5. Kila siku tulikunywa maji na kubana haja ndogo, ili kibofu kilichojaa kiusogeze utumbo pembeni. Juma la 4, nikiwa benchini nimebana magoti, kanga ililowa kabla sijaitwa. Nilijilaumu kwa uzembe, kumbe mionzi inayolenga uvimbe hufika pia kwenye kibofu, njia ya haja kubwa na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayovibeba viungo hivyo kama kamba za kitanda. Misuli hiyo huweza kukakamaa na kupungukiwa nguvu polepole, hata miezi au miaka baada ya tiba, ndiyo maana nilishangaa kuvuja tena nilipoinua gunia la dagaa pale Mwaloni wakati nilikwisha kujihesabu mzima.

Omba mapema kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya misuli na viungo. Mimi nilifundishwa kubana kana kwamba nazuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kuziba pumzi wala kukaza makalio, nikihesabu hadi 5, kisha kuachia kabisa. Huko kuachia ndiko kulikonishinda zaidi. Mwenye maumivu huenda akahitaji kwanza kujifunza kulegeza, kwa hiyo usiige tu zoezi langu kabla hujapimwa.

Liko na lile ambalo hata sisi tunaoanika dagaa pamoja hatuambiani: uke huweza kukauka na kusinyaa, na tendo la ndoa likauma. Uliza kuhusu vilainishi na kifaa cha kuutanua, na lini uanze kukitumia; Baba Neema naye aelezwe, asije akadhani umemchoka. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, hata baada ya mwaka, rudi hospitali upesi.

Njoo na kanga mbili za rangi nzito. Nitakungoja bandarini, na chumba cha karibu na choo nimekwisha kukutengea.

Rafiki yako,
Mama Paulo